Saa za Juu na Saa za Chini

Ukimuuliza mkata tiketi wetu ndege inachukua muda gani kutoka Kismayu hadi Mogadishu, yeye alikuuliza kwanza unalala wapi. Ukimjibu unalala mtaani kwetu Majengo, alitaka kujua huko uendako utafikia kwa nani na mtaa gani. Ukimwambia hayo hayamhusu, alikubali kwamba hayamhusu, akanyamaza, na jibu hukulipata.

Mimi naendesha bajaji Kismayu mwaka wa kumi na moja huu, na kwa muda mwingi katika miaka hiyo nilikuwa nikiwapeleka wateja wake uwanja wa ndege. Kwa hiyo jibu nalijua kwa moyo. Saa moja juu, saa kumi na tatu chini. Juu ni hewani. Chini ni mengine yote, tangu ufunge mlango wako mpaka ubishe mlango wa mwenyeji wako. Ndani yake kuna kuamka, kuna mimi na bajaji yangu, kuna vizuizi vya barabarani, kuna kupekuliwa, kuna kupekuliwa tena na mtu aliyekuona ukipekuliwa, na kuna kuingoja ndege itoke Mogadishu, maana ndege itakayokupeleka ni ileile ambayo haijaja. Ukishuka upande wa pili, hayo yote huanza upya kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kati ya uwanja na uwanja ni kilomita mia nne na kitu. Hizo, alisema, ndizo sehemu nyepesi ya safari.

Haya aliyaandika kwa chaki kwenye ubao nje ya chumba chake, baina ya fundi cherehani na duka la simu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na mkata tiketi mwingine, kijana mwenye mlango wa kioo na picha ya ndege, na juu ya picha yaliandikwa maneno mawili, DAKIKA SITINI. Huna haja ya kuambiwa wateja walikwenda wapi. Mtu anayesafiri hataki kuambiwa ukweli, anataka kuambiwa safari njema.

Yeye hakumwonea kijana wivu. Abiria wa kijana wakirudi, aliwaita ndani, akawapa chai ya tangawizi, akawauliza saa zao: ulifunga mlango saa ngapi, ulifunguliwa mlango saa ngapi. Akaandika daftarini. Siku moja alimpata mtu wa kisiwa cha Kudha aliyengoja mashua siku mbili kwao, akalala Kismayu kwa binamu yake, akakuta ndege imeahirishwa, akarudi kwa binamu, akaenda tena, ikaahirishwa tena, na alipofika Mogadishu ilikuwa siku ya sita. Mkata tiketi aliandika: juu, dakika hamsini na tano; chini, siku tano na ushee. Kisha akamsifu rubani. Yule mtu wa Kudha alikuwa amekaa akitarajia kuonewa huruma. Aliongezwa chai.

Kwenye ubao huohuo palikuwa na safari nyingine pia. Kutoka kisiwa cha Koyama aliandika "ongeza siku moja na bahari ikubali." Kutoka kisiwa cha Ngumi aliandika "usiulize." Kwa barabara hakuandika kitu. Alisema hawezi kupima safari ambayo wasafiri wake hawarudi kumpa saa.

Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda ndege. Watu walipomcheka kwa hilo alisema mchinja ng'ombe si lazima awe ng'ombe. Mkewe alisema ni woga tu. Yeye alisema si woga, hana safari. Dada yake wa pekee, hao wawili tu kwa mama yao, alikuwa ameolewa Mogadishu, lakini dada ndiye aliyekuja Kismayu kila Idi, na hata huyo hakuvuka kizingiti kabla hajaulizwa saa zake. "Msafiri kafiri," alipenda kusema, na aliamini kwamba anayebaki nyumbani ameikimbia nusu ya dhambi za dunia.

Na mtu huyu, ambaye angeweza kukuambia utabisha mlango Mogadishu saa ngapi, hakuwahi mahali popote. Arusini alifika masufuria yakikwanguliwa, akala ukoko, akasema ukoko ndio anaoupenda. Msikitini alikuwa safu ya mwisho siku zote, akikamilisha rakaa zilizompita. Wasomali waliokuja kukata tiketi walimwita adeer, yaani ami, kwa heshima, kisha wakamkalia kibarazani wakimngoja afungue. Alipotokea hakuomba radhi. Aliuliza wamengoja tangu saa ngapi, akaandika.

Wateja wake wa kweli walikuwa kina mama, na hao hawakuwa wasafiri. Kwetu mtu akienda safari nyumba haifagiwi mpaka awe amefika, kwa sababu ukifagia unazifagia nyayo zake na kurudi kwake kunaingia shaka. Zamani hili halikuwa na taabu. Mtu akienda Koyama, maji yakijaa yakatoka unajua kafika, unachukua ufagio. Lakini mtu akienda kwa ndege unajuaje? Mama mmoja wa mtaani aliamini dakika sitini za kijana wa mlango wa kioo, akafagia nyumba mpaka uani, na mwanawe akatokea mlangoni alasiri na begi lake, ndege haikuruka. Tangu siku hiyo kina mama walimpigia simu mkata tiketi. Naye aliwajibu mmoja mmoja, bila kucheka: bado, ngoja isha; wewe fagia, mwanao keshafika; wewe fagia chumbani tu, ukumbi uache. Sijui hilo la chumbani alilitoa kwenye hesabu gani. Walimtii.

Nyumbani kwetu hakupendwa, na sasa niseme kwa nini.

Mama yangu alikuwa na kaka mmoja, mvuvi wa Koyama aliyehamia Mogadishu kwa wanawe. Asubuhi moja ikaja simu kwamba amefariki. Kwetu maiti hangoji. Mama alijua kaburini hatakwenda, wanawake hawaendi. Alichotaka ni kumwona uso kabla hajatolewa. Alivaa buibui akaniambia nimpeleke kwa mkata tiketi, na njia nzima alishika kitambulisho chake mkononi.

Aliingia akamuuliza kama kuna nafasi. Mkata tiketi akamuuliza kwanza maziko ni saa ngapi. Mama akasema baada ya alasiri. Akamuuliza nyumba ya marehemu iko mtaa gani, mama akamtajia. Akafungua daftari, akapitisha kidole kurasa mbili tatu, akafunga. Akamwambia, kwa upole, kwamba hafiki. Atakuta watu wanarudi kaburini wakijikung'uta mchanga. Bora akae nyumbani na watu wake, amsomee marehemu Kurani, asihangaike.

Mama alimwamini. Mtu wa kwao, mwenye daftari. Tukarudi nyumbani akakaa mkekani.

Siku hiyo, ndege iliyokuwa ikichelewa kila siku haikuchelewa. Iliondoka kabla ya saa nne asubuhi. Vizuizi vilikuwa wazi. Na maiti wakachelewa kumtoa, kwa sababu kulikuwa na mwanawe aliyekuwa akija kutoka Baidoa na watu walimngoja hadi karibu na magharibi. Mama angefika, akaoga, akala, akakaa ubavuni mwa kaka yake saa nyingi. Alimkosa kwa kukaa Majengo na kumsikiliza mtu.

Nilimchukia mkata tiketi. Nilikuwa nikimwona kibarazani kwake natamani kumpitishia bajaji miguuni. Lakini mama hakumgombeza. Matanga yalipokwisha, kila alipomsalimu, mama aliitikia salamu, kwa sababu kuitikia ni faradhi, na baada ya salamu hakumwongeza neno. Si "habari", si "karibu". Miaka sita alimpa waalaikumu salamu na uso mkavu.

Yeye naye alijitetea kwa namna aliyoijua. Siku ya tatu ya matanga, kina mama wamejaa ndani, alikuja na daftari lake. Akaomba nimtolee mama mlangoni. Akamfungulia kurasa, akamwonyesha kwa kidole safari baada ya safari, kwamba kwa siku karibu zote alizowahi kupima angekuwa sawa. Mama alizitazama zile kurasa mpaka mwisho, akamwambia amezipanga vizuri, akarudi ndani. Mkata tiketi aliniuliza kama nadhani amefahamu. Nikamwambia amefahamu.

Baada ya hapo ubaoni mwake, chini ya zile saa kumi na tatu, aliongeza mstari mmoja: "Hesabu hii imewahi kukosea." Hakuna aliyemlazimisha. Biashara yenyewe ilikuwa imeshayumba, na yeye akaning'iniza kosa lake barabarani. Mteja akiuliza imekosea vipi, aliacha kila kitu akamsimulia kisa kizima bila kutaja jina, ila alisema mama mmoja wa Koyama aliyefiwa na kaka yake Mogadishu. Majengo nzima hakuna wawili wa sifa hiyo. Mama akawa maarufu kwa watu asiowajua, na hakufurahi. Alinituma nikamwambie aache kumtangaza. Nilikwenda, nikamkuta anamsimulia mtu, nikangoja amalize.

Kisha simu zikamaliza kazi yake. Watu wakaanza kukata tiketi mkononi, wamelala. Kijana wa mlango wa kioo akageuza duka lake akauza simu zenyewe. Mkata tiketi alifunga, akaupeleka ubao nyumbani, na mkewe akautumia kufunikia pipa la maji. Tulionana mara moja moja barabarani. Alikuwa amezeeka kwa haraka, na ndicho kitu pekee nilichomwona akikifanya kwa haraka.

Mwaka huu, asubuhi moja baada ya sala ya alfajiri, nilikuwa napangusa bajaji nikamwona anakuja. Nilidhani anataka kupelekwa mahali. Alinipita, akasimama mlangoni kwetu akapiga hodi. Mama akatoka. Wakasalimiana ile salamu yao. Halafu yeye hakuondoka.

Alisema dada yake amefariki Mogadishu kabla ya alfajiri, na watamzika baada ya adhuhuri. Alisema nafasi kwenye ndege ipo, ameuliza. Kisha akasema amepiga hesabu na hafiki.

Hapa inafaa mtu ajue kwamba mwanamke akishushwa kaburini hupokewa na maharimu wake, wanaume ambao si halali kwao kumwoa, na kaka ni miongoni mwa wa kwanza kutafutwa. Marehemu yule alikuwa na kaka mmoja, naye alikuwa amesimama mlangoni kwetu amevaa viatu viwili visivyofanana.

"Umekuya kunisomea hesabu?" mama alimuuliza.

"La, dada. Nimekuya kuuliza."

"Waniuliza mimi?"

"Simjui mchu mwengine wa kumuuliza."

Mimi nilikuwa na kitambaa mkononi na sikujua nikiweke wapi.

"Siku ile," mama alisema, "mi sikukuuliza ntafika saa ngapi. Nalikuuliza kama kuna nafasi."

Nilimwona mkata tiketi anairudia siku ile kichwani, neno kwa neno, kama alivyokuwa akirudia saa za abiria wake, na nikamwona anapofika kwenye neno lile. Uso ulimshuka. Miaka sita alikuwa akiungama kosa la hesabu.

"Ni kweli," alisema. "Ndivyo ulivyouliza."

"Basi enda," mama alisema. "Ukimkosa, umemkosa ukiwa ndiani."

Nikawasha bajaji. Tukapita kwake, mkewe akampa shati na dawa zake za presha, na kabla mke hajaagana naye, yeye alikuwa tayari amerudi kukaa kwenye bajaji. Njiani, kizuizi cha kwanza walitusimamisha, na cha pili walitusimamisha zaidi. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na saa yake ya mkononi, ambayo miaka yote sikuwahi kumwona bila ya kuitazama, alikuwa ameivaa uso ukiangalia chini.

Nje ya geti la uwanja pana kivuli cha mabati ambapo abiria hungoja kuitwa. Ndege ilikuwa haijatoka Mogadishu. Tulikaa. Mama mmoja aliyekuwa na kuku kwenye kikapu alimuuliza kama hii ni safari yake ya kwanza, akasema ndiyo. Akamuuliza kama ni mbali. Mtu yule, mwenye daftari zima kichwani, akasema hajui.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Tukasali palepale kwenye mchanga kando ya mabati, na safari hii alikuwa safu ya mbele, kwa sababu safu ilikuwa moja. Haukupita muda simu yake ikalia. Alisikiliza amesimama. Aliuliza swali moja tu, nani amemshusha. Akaambiwa, akashukuru, akaiweka simu mfukoni.

"Mtoto wa mumewe," aliniambia. "Kijana mzuri."

Kisha akakaa, akafunika uso kwa kofia yake, na mabega yakamtikisika. Yule mama wa kuku akamgeuzia mgongo ili watu wasimwone. Mimi nililia pia, na sioni haya kusema. Nilikuwa nimemchukia muda mrefu na siku hiyo chuki sikuiona nilikoiweka.

Alipotulia nikamwambia bajaji ipo nje, tunaweza kurudi. Kwa hesabu zake mwenyewe safari ilikuwa imekwisha. Maziko yameshapita, kule hakuna tena cha kuwahi, na nyumbani watu wa mtaani wangekuja kumpa pole kama kawaida.

"Binti zake wako kule," alisema. "Hapa nikae nimwambie nani kwamba nalikuwa ndugu yake?"

Ndege ilikuja alasiri. Wakaanza kuita majina. Alisimama mwisho wa mstari, mahali pake pa siku zote, akavua viatu vyake visivyofanana akavipitisha kwenye mashine, akapekuliwa, akapekuliwa tena. Kabla hajapita mlango wa mwisho alinisogelea kwenye uzio akaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kama mkanda wa ndege hufungwa tumboni au kifuani. Nikamwambia sijui, atazame jirani yake anavyofanya. Akaona ni shauri zuri.

Nilirudi nyumbani. Mama alikuwa jikoni, anakuna nazi. Nikamweleza yote tangu vizuizi mpaka simu, na nani aliyemshusha marehemu. Hakuacha kukuna. Nikadhani hilo limekwisha, nikaanza kutoka nje nikaoge.

"Alikula?" aliuliza.

Nikamwambia hakula kitu tangu asubuhi.

"Akirudi mwambie aye hapa ale."

Mtu aliyemnyima neno miaka sita. Nilisimama pale mlangoni, nikamuuliza nimwambie aje saa ngapi.

"Akifika," mama alisema.